Kutafuta Behewa kama la Marakeshi

Binti yangu Edna alikwisha kuamua kabla hata hatujapanda ndege: nikija Dubai na mjukuu wangu Precious, tutalala hoteli ya Kimoroko. Si hoteli yoyote tu. Ya Kimoroko.

Sababu alikuwa nayo. Mwaka uliotangulia madam wake, aliyemwajiri kazi za ndani huko Dubai, alimchukua safari hadi Marakeshi kumwangalia mtoto wao, Musallam. Walifikia kwenye nyumba ya kale iliyogeuzwa hoteli. Kwa nje, aliniambia, huoni kitu ila ukuta na mlango. Ukiingia unakuta behewa, ua wa ndani ya nyumba, lililo wazi juu, mchungwa katikati, maji yanatiririka, na vyumba vyote vimeuelekea ule mchungwa. Humo Edna alilala kitanda kimoja na Musallam. Akanipigia simu kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Mama, na mimi nitalala mahali kama hapa na mtoto wangu mwenyewe."

Mtoto wake mwenyewe nilikuwa naye mimi, Korogwe. Alimwacha ndiyo kwanza anaota meno, na sasa alikuwa na miaka mitano, anamwita mama yake "Edna" kama anavyonisikia mimi. Tangu tutue hakukubali hata kushikwa mkono. Tulifikia Al Nahda kwa wanawake wa kwetu, chumba kimoja, kila kitanda na pazia lake, na Precious akilala kifuani pangu huku amempa Edna mgongo. Madam na watu wake walikuwa London kulikimbia joto. Ijumaa wangerudi, Edna arudi kazini, sisi turudi nyumbani. Alitaka kabla ya hapo alale na mwanawe, hata usiku mmoja. Hakutaka zaidi.

Jumatano, chai haijapoa, alikuwa mlangoni na mkoba begani. "Mama, yalla, twende. Tutaangalia zote, tuchague."

Hoteli ya kwanza ilikuwa upande wa Satwa, nyuma ya mafundi cherehani. Mlango wake ulipigwa misumari ya shaba mikubwa kama vifuniko vya chupa, taa zina matundu madogo madogo, zinamwaga nuru ukutani kama dengu zilizomwagika. Mimi niliipenda. Zulia lilikuwa safi, bafuni mna kigoda kifupi cha kumkalisha mtoto, na kitanda kingetutosha sote watatu na mgeni juu. Edna aliinua macho tu.

"Behewa lina dari. La Marakeshi lilikuwa wazi."

"Na joto hili, Edna?"

"Hata kule joto lipo, mama."

Mhudumu akatuletea chai ya nanaa kwenye birika refu. Kabla hajaliweka chini vizuri Edna alikwishasimama, akalipokea, akatumiminia kutoka juu bila kumwaga tone, akafuta meza kwa ncha ya mtandio wake, kisha akabaki amesimama kando na sinia mkononi. Yule mhudumu hakujua aende wapi. Precious akaninong'oneza, lakini mtoto hajui kunong'ona: "Bibi, Edna anafanya kazi hapa?"

Edna akaweka sinia. "Twendeni. Hapa hapafai."

Ya pili tulimkuta msichana wa Kikenya mapokezini, Wanjiku, kucha ndefu za rangi ya zambarau.

"Karibu bibi, karibu shosho. Mnataka room ya watu wangapi?"

"Mwulize huyu," nikasema. "Mimi ni mzigo tu."

Akacheka, akatupandisha ghorofani. Nilisukuma ukingo wa baraza kwa goti nikaona unacheza, na ulikuwa mfupi, mtoto anaupita kichwa. Edna hakuuona. Alikuwa akilitazama behewa.

"Musallam alikuwa anapenda kulala pale chini, kwenye kivuli," akasema. "Mchungwa uko wapi?"

"Ule pale, madam," Wanjiku akaonyesha. "Ni wa plastiki, lakini ni poa tu. Haukauki, hauletangi wadudu."

"Usiniite madam."

"Sawa, sister. Basi nikuite customer?"

Precious akacheka. Mama yake akamgeukia haraka, nadhani ili aone kicheko kile, na mtoto akakikatisha, akajificha nyuma ya kanga yangu.

Ndani ya teksi Edna alikuwa akitikisa goti lake, akifungua dirisha, akilifunga. Alisema ya kwanza afadhali, kisha akasema hapana. Alisema Musallam alipenda maji. Alisema labda turudi Al Nahda.

"Mwanangu, tulia."

"Nitulie vipi, mama? Leo ni Jumatano."

Ya tatu ilikuwa nyumba ya watu, si kubwa, iliyogeuzwa hoteli, imetiwa vigae vya buluu na kijani, vingine vimepasuka. Lakini behewa lilikuwa wazi kweli, mbingu nyeupe kwa jua, birika la maji la kujengwa katikati, petali za waridi zinaelea. Chumba cha chini kilikuwa hakina mgeni, kitanda kimoja, kifupi kwenda juu. Watu wawili wanatosha. Watatu hawatoshi. Nikaliona hilo.

Precious akauachia mkono wangu. Petali zilimvuta. Akapanda ukingo wa birika, akainama, kiatu kikateleza.

"Musallam, taal!"

Ni Edna huyo, akiita njoo kwa Kiarabu. Sauti ilimtoka kabla hajajijua, na mkono ulikwishamdaka mtoto kwa nguo. Kiatu kimoja tu ndicho kililoa. Kisha akasikia alichokisema.

Precious hakulia. Siku nzima alikuwa amelisikia jina lile.

"Musallam ni nani?"

Edna akapiga magoti. "Ni mtoto wa madam."

"Unamwogesha?"

"Namwogesha."

"Unalala naye?"

Edna akanitazama. Sikumsaidia. "Akiumwa, nalala naye."

"Leo atakuja hapa?"

"Hapa haji. Yuko mbali."

Mtoto akageuka akakitazama kile kitanda kupitia mlangoni. Akavua viatu, kikavu na kilicholoa, akaingia, akapanda, akalala kifudifudi, mikono na miguu kaitawanya kama mtu aliyeangushwa.

"Akija, hakuna nafasi," akasema usoni mwa mto.

"Na mimi je?" Edna aliuliza akiwa kizingitini.

Precious akafikiri. Kisha akavuta mguu mmoja, si sana.

Edna akajilaza ukingoni, mkoba bado begani, hakuthubutu hata kuuvua. Mimi sikuuliza bei, sikukagua bafu. Nilikwenda mapokezini nikaomba chumba kingine, cha mtu mmoja, kule upande wa pili wa behewa.

Niliporudi nikasikia: "Bibi, uko wapi?"

"Nipo hapa nje."

"Njoo."

Miguu ilikwishaanza kwenda, nikaizuia. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya kutaka kulia, na Edna akamjibu taratibu, "Bibi yupo. Na mimi nipo."

Nikangoja aite mara ya tatu. Hakuita. Nikakaa ukingoni mwa birika, nikasimama, nikakaa tena. Nyuma ya mlango walikuwa wakizungumza, na mtoto ndiye aliyekuwa akiuliza.