Mbwa wa Kumvumilia Elisante

Njia nzima kwenda kwa Mzee Msengi, Jesca alikimbia mbele na kurudi kumvuta mama yake kanga. Leo wanachagua mbwa! Lakini mama, aliyembeba Elisante mgongoni, alikuwa ameshatoa neno: watamchukua mbwa atakayemvumilia mtoto huyu asiyetulia mikono. Asipopatikana, watarudi kama walivyokuja.

“Shikamoo, babu!”

“Marahaba, mjukuu wangu. Haya, hao hapo wanakula.”

Watoto watatu wa mbwa walikuwa wamezunguka sufuria ya ugali wa mtama. Jesca akamwonyesha mama yule mweusi, mnene kama boga. Mama akamshusha Elisante, akachuchumaa karibu yake. Mtoto akatumbukiza mkono sufuriani, na yule mweusi akanguruma. Mama akamnyakua mwanawe.

“Huyo hapana.”

Wa pili alikwishakimbilia nyuma ya tenga la kuku. Jesca akahisi machozi yanakuja. Alibaki mmoja tu, wa kahawia, na alikuwa mdogo kuliko wote.

Mama akamshusha Elisante tena, karibu na huyo mdogo. Elisante akamchomoa tonge mdomoni, akalitia kinywani mwake mwenyewe.

“Yesu wangu!” mama akapiga kelele, akamtia mwanawe kidole kinywani kulitoa lile tonge.

Yule mdogo akamtazama mwizi wake, akatikisa mkia, akamlamba shavu kutafuta makombo.

Mzee Msengi alicheka mpaka akakohoa. Mama, kidole kikiwa bado kinywani mwa Elisante, naye akacheka, kisha akasema:

“Mbebe, Jesca, kabla mdogo wako hajamla na mbwa mwenyewe.”

Jesca alikuwa ameshambeba.