Kurasa Tatu Tupu

Tasnifu iliporudishwa mara ya tatu, Nesi hakulia wala hakubisha. Alibaki amesimama mbele ya dirisha dogo la maktaba ya chuo, akimtazama mzee mwenye miwani ambaye wanafunzi wote walimwita Rula, kwa kuwa hakugonga muhuri kabla ya kupima pambizo za karatasi kwa rula ya chuma.

"Mama, ukurasa wa thelathini na tisa ni mtupu," Rula alisema bila ukali. "Wa sitini na nne mtupu. Wa tisini na moja, ambao ndio wa mwisho, vilevile. Na hapa kichwa cha habari kimeachwa chini peke yake, maelezo yake yako ukurasa unaofuata. Jedwali la nne limekatwa kiuno. Sipokei."

"Jana kwenye kompyuta ya nyumbani hazikuwa tupu."

"Leo ni tupu. Dirisha nafunga saa kumi. Ukichelewa, mahafali ni mwakani."

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Kwa miaka minne Nesi alisoma huku akifanya kazi wodi ya wazazi, akiandika sura moja moja kwenye meza ya jikoni watoto wakiwa shuleni. Utafiti wenyewe, juu ya akina mama wanaojifungua kabla ya siku zao, aliumudu vizuri. Kilichomtoa jasho ni kompyuta. Kila alipotaka sura mpya ianzie juu ya ukurasa, alibonyeza kitufe cha kushuka mstari mara kumi, mara kumi na tano, mpaka kichwa cha habari kikafika alikotaka. Kisha msimamizi wake akamwagiza akuze maandishi, na kila kitu kikahama. Akiziba huku, panafumuka kule.

Mtu wa kumsaidia alikuwepo, na alimjua fika. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa mpiga chapa mahakamani, mwaka wa kumi na mbili sasa. Shida ni kwamba mawifi hawa walikuwa hawasemezani zaidi ya salamu. Mwaka mmoja na nusu nyuma, kwenye kikao cha ukoo, mtu alipendekeza wifi awafundishe watoto kompyuta, na Nesi akajibu kwamba kupiga chapa si elimu. Wifi alikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe mkononi. Alilitua sinia, akaaga, akaenda zake.

Maji yakimfika mtu shingoni hachagui wa kumshika mkono. Nesi alikwenda mahakamani.

Chumba cha wapiga chapa kilikuwa chini, mkabala na masjala. Kilikuwa na kompyuta tatu, mafaili yaliyofungwa kwa utepe, na pangaboi lililozunguka kivivu. Wifi aliinua macho, akamwona mlangoni, na vidole vikasimama.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Ni tasnifu yangu, wifi. Nimekwama."

"Kwa uso huo nilidhani umeleta msiba." Akarudi kwenye hukumu aliyokuwa akiichapa. "Mapumziko yangu ni saa saba. Kaa hapo."

Nesi alikaa kwenye benchi, kidude cha kuhifadhia kazi kiganjani. Saa saba kamili wifi alivuta kiti cha pili, akamsikiliza Nesi akieleza habari za Rula na kurasa tatu tupu, akafungua tasnifu, akabonyeza alama inayofanana na herufi P iliyogeuzwa nyuma. Ghafla kioo kikajaa vialama vilivyopangana mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa.

"Wifi, ulikuwa unaandika au unapanda mahindi?"

Nesi alicheka asitake.

"Kila kialama ni pale ulipobonyeza kushuka mstari," wifi alisema. "Sasa tazama huu mstari wa nukta. Huu unaukata ukurasa kwa nguvu. Uliuweka mwenyewe, labda bila kujua, halafu ukapanga mistari mitupu juu yake. Maandishi yalipokua, mistari mitupu ikasukumwa ikavuka ng'ambo, ikajichukulia ukurasa mzima. Ndio huo thelathini na tisa wako."

Alianza kufuta. Kisha akaweka kishale kwenye kichwa cha sura, akafungua mpangilio wa aya, akatia tiki. "Kichwa hakisukumwi kama mkokoteni. Kinaamriwa. Hiki nimekiambia kianze ukurasa mpya siku zote. Hivi vidogo nimeviambia vishikamane na aya inayofuata. Hata ukuze maandishi kesho, havitaachana." Safu za jedwali la nne nazo akazifunga zikae pamoja, na jedwali likahamia zima ukurasa unaofuata.

Ukurasa wa sitini na nne ulitoweka. Wa mwisho ukagoma. Wifi alifuta, ukarudi, akafuta, ukarudi.

"Siku ile nilikusikia," alisema, macho yakiwa kwenye kioo.

"Najua. Nilikosa, wifi. Nilikuwa naogopa hata kuiwasha hii mashine, na wewe unaichezea kama pete ya kidoleni. Nikaona bora nikudharau. Nisamehe."

Wifi alikuwa ameinamia jedwali la mwisho, lililofika mpaka ukingo wa chini wa karatasi.

"Nimeukamata. Faili likiishia na jedwali, mashine inang'ang'ania kubakiza mstari mmoja mtupu chini yake. Haufutiki." Akauchagua ule mstari, akaupunguza mpaka ukubwa wa moja. Ukurasa wa mwisho ukafyonzwa. "Basi tunaufanya mdogo mpaka usiwe na ubavu."

Akahifadhi nakala katika muundo usiohama hata ukifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, kisha akapandisha mpaka kwenye jalada, akalisoma.

"Wifi, umekosea jina lako mwenyewe. Na huyo mwenye rula hakuona?"

Safari hii walicheka wote wawili, hadi mpiga chapa wa jirani akageuka kuwatazama. Wifi akalisahihisha jina, akahifadhi nakala upya.

Nesi alichapisha nakala kwenye duka la vifaa vya ofisi nje ya geti la chuo. Saa tisa na dakika ishirini alikuwa dirishani. Rula aliweka rula, akafunua karatasi moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, akarudi kuitazama ya thelathini na tisa. Ilikuwa imejaa maneno.

"Hii sasa ni kazi," alisema, akagonga muhuri.

Nesi alitoka mpaka kwenye benchi la ukumbini, akavua viatu, akasema moyoni atapumzika dakika mbili. Mlinzi alimwamsha saa kumi na moja. Wifi alikuwa amempigia mara tatu.

"Vipi, kakataa tena?" wifi aliuliza Nesi alipompigia.

"Kapokea. Nilisinzia hapa hapa."

Simu ilipitisha pumzi ndefu. "Na mimi huku nimekosea kuchapa jina la mshtakiwa mara mbili kwa kuiwazia hiyo kazi yako. Nenda nyumbani ukalale, wifi. Jumapili nitapita kuwaona watoto."