Fundi Aliyeishi Kabatini

Myrna Hrynchuk alikuwa mwongo wa daraja la chini kabisa. Miaka hamsini na tisa alikuwa ameishi Kettle Bend, mji wa jimbo la Manitoba wenye watu mia nane na theluji isiyokwisha, na uongo wake mkubwa kuliko wote ulikuwa kumwambia daktari kwamba ameacha kutia siagi kwenye kila chakula. Ndiyo maana siku Marcel alipozaliwa mdomoni mwake, yeye mwenyewe alishangaa jinsi alivyotoka mzima, na meno yake yote.

Aliyemchokoza ni shemeji yake Garth, mdogo wa marehemu mumewe. Garth alikuwa fundi bomba pekee kwa kilomita sitini kila upande, na pesa ya mabomba aliimimina yote chini ya nyumba yake, alikojenga studio: kuta za sponji, maiki ya Kijerumani, kiti kinachozunguka. Kila aliyeingia mle na wimbo alitoka na ngoma. Wengi hawakuzipenda zile ngoma, ila hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa sababu majira ya baridi ya Manitoba ni marefu na kila mtu ana bomba.

Sasa klabu ya mji, wanakochezea ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, wenzako wakiyafagilia njia, na kugombana juu ya nani kafagia vibaya, ilikuwa inatimiza miaka sabini na mitano. Ikaamuliwa itolewe albamu ya nyimbo walizotunga wenyeji wenyewe, ikiuzwa paa la klabu lizibwe. Garth akajiteua mwenyekiti wa kamati, na kamati yenyewe ikawa yeye. Myrna alikuwa na nyimbo arobaini na kitu, zimeandikwa nyuma ya ratiba za basi la shule aliloendesha, zimelala ndani ya kopo la biskuti. Aliyewahi kuzisikia ni mumewe Orest peke yake, na Orest sasa ni marehemu. Alitaka wimbo mmoja tu uingie kwenye ile albamu, uwe na jina lake, watu wajue kwamba huyu anayewasalimu kila asubuhi kwa honi ana jambo la kusema. Alilitaka hilo hadi akakosa usingizi, na hakumwambia mtu.

Akaurekodi kwa simu, mezani jikoni, akampelekea Garth. Garth alisikiliza nusu ya ubeti wa kwanza, akampigia.

"Shemeji, hapa nasikia jiko lako kuliko ninavyokusikia wewe."

"Si ndiko ninakoimbia."

"Ndiyo shida yenyewe. Albamu hii ni ya nyimbo zilizorekodiwa studio. Njoo kwangu Jumapili, nikutilie ngoma, nikutilie gitaa la umeme, tuuchangamshe."

"Wimbo wa watoto waliolala kwenye basi, unauchangamsha waende wapi, shemeji?"

"Basi tafuta studio yako," alisema Garth, kwa upole wa mtu anayejua kwamba studio nyingine hakuna.

Myrna aliweka simu chini, masikio yanawaka kwa hasira. Wazo likamjia palepale, na lilikuwa wazo la kihuni.

Alinunua maiki kwenye duka la mitumba huko Brandon, dola thelathini, imebonyea upande mmoja. Kompyuta alipewa na mpwa wake, imechoka, inavuma kwa feni. Akaivutia waya mrefu na kuifungia bafuni ivume na nafsi yake. Maiki aliifunga kwenye mpini wa ufagio wake wa klabuni, akaisimamisha ndani ya kabati la ukutani, katikati ya makoti ya baridi, kwa kuwa makoti humeza mwangwi wote. Mbele ya maiki akatandaza soksi ya nailoni kwenye fremu yake ya kudarizia, ili pumzi isiipige. Kisha akajifungia humo gizani, akasikiliza, akagundua kwamba nyumba yake haijawahi kunyamaza hata siku moja. Friji inanguruma. Hita kubwa ya chini ya nyumba inapuliza. Friji akaichomoa, na ili asije akasahau kuirudisha akatia funguo za basi ndani yake, juu ya nyama ya kulungu. Asingeweza kwenda kuchukua watoto alasiri bila kuifungua. Hita akaizima tu. Ilikuwa Oktoba, hakuna aliyeganda.

Wiki mbili, kila siku kati ya safari ya asubuhi na ya alasiri, Myrna aliimba kabatini. Alikosea, akarudia, akafuta. Alijifunza kukata na kuunga kutoka kwa vijana wa mtandaoni wasionyoa ndevu wala kumaliza sentensi. Mwishowe siku moja akavaa hedifoni, akausikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, akalia kidogo, kwa sababu ulikuwa mzuri na alikuwa ameufanya mwenyewe.

Garth safari hii alisikiliza wote. Alirudia. Alizunguka na kiti chake mara moja.

"Huu umerekodiwa wapi?"

"Winnipeg. Kwa mtu anaitwa Marcel."

"Marcel nani?"

"Beaudry." Jina lilitoka lenyewe. "Huwezi kumjua. Hana bango mlangoni, na simu hapokei."

Garth aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Mafundi wa kweli ndivyo walivyo." Akafumba macho, akanyoosha kidole. "Unasikia hapo sauti ilivyotulia? Hiyo ni pesa, shemeji. Pesa inasikika. Kitu hiki huwezi kukipata nyumbani."

"Huwezi kabisa," Myrna alikubali, akijing'ata shavu kwa ndani asicheke.

Utamu wa mchezo huo ulidumu wiki moja. Ijumaa iliyofuata ilikuwa jioni ya pierogi, zile sambusa za kuchemsha zinazoliwa na krimu, klabuni, na Garth akaupiga wimbo kwenye spika kubwa. Watu waliacha kutafuna. Ulipokwisha, Lorraine wa posta, mwanamke ambaye hakulia hata siku alipomzika mama yake, aliinuka akifuta macho kwa karatasi ya mezani, akaja moja kwa moja kwa Myrna, akamshika mkono. Myrna akajiandaa kusema asante.

"Huyo Marcel," alisema Lorraine, "ana masikio ya dhahabu."

Ikawa Marcel huku, Marcel kule. Mjane mmoja akataka kujua kama Marcel ameoa. Garth akasimama na krimu mdomoni, akatoa hotuba fupi juu ya Marcel, ambaye kumbe waliwahi kukutana miaka ya nyuma na wakaelewana sana. Myrna alikwenda chooni, akajifungia, akakaa na hasira zake. Alikuwa anamwonea wivu mwanamume ambaye hayupo. Kila alichokifanya kwa mikono yake miwili kilikuwa kimechukuliwa na yule mshenzi, na kumsuta hawezi, maana angesutwa yeye kwanza.

Januari Garth akapiga simu. "Albamu inakwenda kuchapwa Jumatatu. Mwambie Marcel kwenye kiitikio aongeze sauti ya pili, ije juu kidogo. Atanielewa."

"Atakuelewa," alisema Myrna, meno yamekutana.

Alhamisi hiyo baridi ilifika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Myrna akachomoa friji, akatia funguo ndani, akazima hita, akavaa kofia mbili na kuingia kabatini. Aliimba mpaka vidole vikafa ganzi. Alipomaliza alikuwa amechelewa. Akafungua friji, akachukua funguo, akaichomeka, akakimbilia basi huku akijipongeza kwa akili zake. Hita ya chini ya nyumba haina mahali pa kutilia funguo. Alirudisha watoto makwao, akapitia klabuni, akacheza, akashinda, akala. Aliporudi nyumbani saa tatu usiku akaiona pumzi yake mwenyewe sebuleni. Akafungua bomba la jikoni, halikutoa hata tone.

Aliwasha hita. Akapiga magoti chini ya sinki na mashine ya kukaushia nywele, akalipulizia bomba nusu saa nzima, bure. Mahali lilipoganda ni ndani ya ukuta wa kaskazini, na Myrna alijua vizuri sana upande wa ndani wa ukuta ule kuna nini. Alisimama akiwaza. Bomba likipasuka, nyumba itageuka bwawa. Fundi bomba ni mmoja. Akapiga simu.

Garth alifika baada ya dakika nane. Myrna alikuwa anahangaika kuficha vyombo vyake, na hajatoa kabatini zaidi ya makoti mawili. Garth akavua mabuti mlangoni, akaweka mkoba wake wa vifaa chini, akapapasa ukuta kwa kiganja, chumba hadi chumba, kwa heshima ya daktari.

"Liko hapa," alisema. "Nyuma ya kabati."

"Huwezi kulipitia kwa nje?"

"Nje, shemeji, hata mbwa mwitu wamejifungia. Una nini humu, maiti?"

"Makoti tu."

Garth akafungua. Alitazama kwa muda mrefu. Akaigusa ile nailoni kwa ncha ya kidole.

"Hii soksi?"

"Inakauka."

"Kwenye fremu?"

Garth aliufuata waya kwa macho, kisha kwa miguu, mpaka bafuni, akausukuma mlango. Kompyuta ilikuwa juu ya kapu la nguo chafu, jina la wimbo limeandikwa katikati ya kioo. Akarudi polepole.

"Myrna." Hakuwa amemwita kwa jina tangu mazishi.

"Bomba kwanza."

Garth alijipenyeza katikati ya makoti, akafungua kibao cha ukutani, akawasha mashine yake ya hewa ya moto. Sauti yake ilitokea humo ndani, nzito, karibu mno.

"Kwa hiyo Marcel…"

"Hayupo."

"Nimeuambia mji mzima kwamba nimewahi kukutana naye."

"Nilikusikia."

Mashine ikapuliza. Baada ya muda kitu kikakohoa ukutani, na jikoni maji yakaruka kwa kishindo ndani ya sinki. Myrna alikwenda kuyafunga. Aliporudi Garth alikuwa bado kabatini, mashine ameizima.

"Sikiliza," alisema. "Hakuna haja ya mtu kujua. Albamu inaondoka Jumatatu na wimbo wako ndio wa kwanza, nimeshaupanga. Marcel abaki Marcel. Wewe huaibiki, mimi siaibiki."

Lilikuwa shauri zuri, na Myrna alijua. Garth angeweza kutaja kanuni yake ya studio na kuutupa wimbo nje, na kile alichokikosea usingizi kingekwisha hapohapo. Alichotakiwa ni kufunga mdomo tu. Aliufunga, akahesabu mpaka sita, ukafunguka.

"Niandike jina langu."

"Limo. Mwimbaji, Myrna Hrynchuk."

"Pale kwenye fundi."

"Watu watacheka."

"Watanicheka mimi?"

"Watanicheka mimi."

"Siku mbili tatu. Halafu mabomba yao yataganda, watanyamaza."

"Na kanuni?"

"Kanuni ni yako, kamati ni wewe. Ukitaka kuutoa, utoe. Ila Ijumaa nitasimama pale klabuni niwaeleze kwa nini." Sauti ilianza kumkatika, akaiacha ikatike. "Nilifanya mwenyewe, Garth. Kila kitu. Nimechoka kupongezwa kwa niaba ya mwanamume."

Garth akatoa penseli sikioni na karatasi ya kazi mfukoni, akaandika juu ya goti lake akisoma kwa sauti. "Fundi, Myrna Hrynchuk. Studio?"

"Kabati la ukutani."

Akaandika na hilo, taratibu, akalipigia mstari. "Na Marcel tuseme kapatwa na nini?"

"Amefariki."

"Lini?"

"Leo. Baridi."

Garth alicheka kwa puani, mara moja. Lakini hakutoka. Alikuwa ameegemea koti kubwa la kaka yake, karatasi mkononi, anaitazama ile maiki iliyobonyea.

"Nilikuwa nataka Marcel anirekodi," alisema. "Nina wimbo. Nimemtungia Orest. Pale kwangu nimeuimba mara mia, na kila nikijisikiliza namsikia fundi bomba."

Myrna alimtazama: mzee wa miaka hamsini na saba, kwa soksi, ndani ya kabati la mjane. Angeweza kucheka mpaka majirani wakasikia, na haki alikuwa nayo. Badala yake alikwenda bafuni, akabonyeza cha kubonyeza, akarudi amevaa hedifoni.

"Sogea mbele kidogo," alisema. "Koti la Orest linakuziba mdomo."

Garth akasogea, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja ya ushemeji wao, akangoja aambiwe aanze.