Nanjala wa Sinema

Alasiri ya Jumapili, katika ukumbi wa Mautuma, Wekesa alijiona kwenye filamu iliyoangazwa ukutani, amevaa gauni, sufuria kichwani, akiuamkia mgomba: "Mulembe, mume wangu!" Watu wakavunjika mbavu. Kando yake dada yake, Nanjala, hakucheka wala hakununa. Alitazama kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo ya mtihani.

Wekesa alijua alichokifanya, na asitokee mtu wa kumtetea. Miaka mitatu nyuma Nanjala aliugua ugonjwa wa akili kwa miezi minne. Dawa zilimrudisha, lakini miezi ile ikabaki shimo. Hakukumbuka hata siku moja. Mama yao alisema funika kombe mwanaharamu apite, akafa bila kulifunua. Kisha Wekesa akaingia kwenye filamu za vichekesho, akatakiwa aigize kichaa, na mgonjwa aliyemjua alikuwa mmoja tu. Sufuria aliibuni. Mgomba pia. Ugonjwa wenyewe haukuwa na la kuchekesha.

Kesho yake, mchana kweupe, alimkuta Nanjala jikoni amesimama wima, sufuria kichwani. Alikuwa akiinamisha shingo upande wa kushoto, polepole, anasita, anajisahihisha, anarudia. Wekesa akaitambua mara moja. Shingo ile ilikuwa yake mwenyewe, ya kwenye filamu. Aliifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo.

"Dada, unafanya nini?"

"Natafuta." Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu mwenye akili zake timamu. "Daktari ananiambianga kumbukumbu itarudi kidogo kidogo. Ndivyo nilikuwanga, Wekesa?"

"Hapana! Hiyo nilitunga tu, watu wacheke. Nisamehe, dada."

Nanjala akaivua sufuria, akavuta kigoda, akaketi. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo lilimtisha Wekesa zaidi.

"Nimekusamehe. Sasa niambie ukweli. Mama hayuko, na ni wewe ulikuwa unashinda na mimi. Nilikuwanga aje?"

Wekesa alifumbua kinywa. Alimtafuta dada yake wa siku zile: uso wake, mikono yake, alivyokuwa akilia. Kila alipomvuta, alikuja mwanamke yule wa ukutani, shingo upande. Alijaribu kuikumbuka sauti tu, walau neno moja. Neno likaja, lakini kwa sauti yake yeye, Wekesa.

Nanjala alimshika mkono.

"Usinifiche," alisema. "Hata kama ni mbaya."