Majina Kwenye Miiba

Lambalamba walipoingia Kwedizinga na pikipiki zao, Munira aliamini kabisa kwamba nyumba yao haimo. Lambalamba ni wale wasaka wachawi wanaohama kijiji hadi kijiji. Huitwa na wenye hofu, wakalipwa na wenye hofu zaidi, wakafukua viwanja vya watu na kutoa pembe na chupa ambazo Mungu peke yake ndiye ajuaye ziliingiaje. Serikali imewapiga marufuku, lakini marufuku hubaki mjini na wao huja shambani. Kitongoji kilikuwa kimezika sana tangu masika, na mwenyekiti wake, Semboja, mtu wa mguu uliovimba na maneno mengi, alichoka kuulizwa sababu. Akaona ni rahisi kumtafuta mchawi kuliko kuitafutia zahanati dawa.

Munira aliishi na mama yake, Mashavu, mjane aliyelima mahindi na mihogo na asiye na ugomvi na mtu. Waogope nini? Alisahau dirisha la chumba cha mama yake.

Hapo dirishani ndipo Munira alipokuwa akilea dungusi kakati, mimea ya miiba. Si zile za kuzungushia mazizi. Hizi ni za mapambo, za kukaa kwenye kikopo. Zamani kidogo alifanya kazi za ndani kule Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mitambo ya umeme, kwa mama mmoja aitwaye Yasinta ambaye baraza lake lilijaa miiba mpaka mgeni hana pa kuegemea. Mume wa Yasinta alipohamishwa, Munira akaachiwa pakiti ya mbegu za mchanganyiko, zisizo na majina. Mbegu zenyewe ndogo kama za mchicha. Unaosha mchanga wa mto, unaumwagia maji yanayochemka, ukishapoa unanyunyiza mbegu juu bila kuzifukia, kisha unafunga kikopo ndani ya mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, wala hufungui ovyo mpaka miche ikomae. Zinataka jua la asubuhi, na katika nyumba ile jua la asubuhi liliingia chumba kimoja tu. Likizidi ukali, Munira alifunika sinia yenye vikopo kwa kipande cha kaniki. Kaniki, nguo nyeusi ya waganga. Hilo nalo hakuliwaza.

Kazi ngumu ni kuzitambua. Utotoni zote ni vitone vya kijani, huwezi kujua huyu ni nani na yule ni nani. Baadaye mmoja ukatoa miiba iliyopinda kama ndoana, mwingine ukavaa sufi nyeupe, mwingine ukanenepa bila kurefuka. Munira alilinganisha na picha za kwenye simu, mwiba kwa mwiba, akashindwa.

"Subiri zichanue," Yasinta alimwambia kwa simu. "Ua halidanganyi. Kwa sasa zipe majina yoyote, usije ukazichanganya."

Basi siku hiyo alikuwapo Shadya, shoga yake wa nyumba ya jirani, mke wa Abdi, mwenye mimba kubwa na asiyekosa la kucheka. Wakakaa sakafuni wakagawa majina. Ule mnene wenye upara ukawa Semboja. Wenye sufi ukawa Mzee Simeo, kwa ndevu zake. Wa ndoana ukawa Abdi. Shadya mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, kwamba mume wake naye ukimpita karibu lazima akushike kwa neno. Mmoja ulikuwa na miiba myembamba ya rangi ya dhahabu, na huo Shadya akaudai awe yeye. Munira aliandika majina kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande alivyokata katika ndoo mbovu, akavichomeka mchangani. Walicheka mpaka Mashavu akauliza kutoka jikoni wamelishwa nini.

Mzee Simeo alikufa masika, kwa uzee wake. Shadya akajifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akazikwa kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Munira alilia mpaka sauti ikapotea. Aliporudi dirishani alishika kile kipande chenye jina la shoga yake ili akitoe, akakosa moyo. Akakiacha.

Lambalamba walifika uani kwao baada ya sala ya alasiri, na nyuma yao nusu ya kitongoji, wanaume kwa wanawake, wengine na jembe begani kama wanaokwenda kumsaidia mtu kulima. Mkuu wao aliitwa Laurenti, mtu mwembamba mwenye shati safi. Walifukua chini ya mlango, wakafukua chooni, wakafukua jikoni penye majivu. Hawakupata kitu. Watu wakaanza kunong'ona, na mganga hapendi minong'ono. Laurenti akaingia ndani bila kuvua viatu, akatoka amebeba ile sinia ya vikopo, imefunikwa kaniki.

Aliifunua mbele ya watu. Ndani ya mifuko yenye ukungu wa maji, vimadonge vya kijani vyenye miiba vilikuwa vimekaa kimya mchangani, na mbele ya kila kimoja, jina.

"Asomaye na asome," Laurenti alisema, akampa msaidizi wake vikopo kimoja kimoja.

"Semboja," yule akasoma.

Mwenyekiti aliutazama mguu wake uliovimba.

"Mzee Simeo."

Mwanamke mmoja akapiga yowe.

"Abdi. Shadya."

Abdi alikuwa amesimama karibu na kinu, ana panga la kukatia miwa. Alimwambia msaidizi arudie jina la mwisho, naye akalirudia. Abdi akakichukua kikopo, akapasua mfuko, akakigusa kile kimche. Miiba ikaingia kidoleni, na Munira akaona damu ikitoka na uso wa Abdi ukibadilika. Mtu aliyezika mke na akapewa pa kuipeleka hasira hasikii tena la mwadhini wala la mnadi swala. Na shahidi pekee wa kile kicheko cha sakafuni alikuwa kaburini.

"Chumba hiki cha nani?" Laurenti aliuliza.

Munira alisimama kizingitini. Maneno aliyapata: ni vyangu, ni maua, tulikuwa tunacheza. Yalikuwa mdomoni, mafupi kabisa. Lakini alilitazama lile panga, na ulimi wake ukawa mzito. Aliogopa. Hakuna neno jingine la kulipamba hilo, aliogopa kufa.

"Changu," Mashavu alisema. "Na hivyo vikopo ni vyangu."

Kila mtu pale alijua kuwa Mashavu hajui kusoma wala kuandika. Semboja ndiye aliyemshika kidole gumba kila mara palipokuwa na karatasi ya kijiji. Neno moja la mwenyekiti lingetosha. Akatazama kikopo chenye jina lake, akajikohoza, akanyamaza. Wanasema penye wengi pana Mungu. Siku hiyo penye wengi palikuwa na wengi tu.

Fimbo ya kwanza ilimpata Mashavu begani. Ya pili ikampata kichwani, akapiga magoti. Wakamjia wote, hata waliomkopa chumvi asubuhi ile. Mtu akampiga teke la ubavu, na Munira akausikia mfupa. Mwanamke aliyepiga yowe alimshika nywele akamburuta kwenye lile shimo walilofukua chini ya mlango, akamsukumia humo, akimwambia ateme watu aliowala. Damu ilimfunika jicho moja. Mama hakulia wala hakuapa. Alikuwa akimtazama mwanawe kwa jicho lililobaki.

Hapo ndipo ulimi wa Munira ulipofunguka.

"Mama hajui kuandika," alisema. Hawakusikia. Akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Mama hajui kuandika. Hayo majina nimeandika mimi. Vikopo ni vyangu."

Fimbo zikasimama. Zilisimama kwa sababu kila mtu alikumbuka analolijua. Munira akadhani amemwokoa.

Abdi alikuwa wa kwanza kugeuka. "Ulikuwa unakula kwangu," alimwambia. "Mke wangu alikuwa anakupikia."

"Shemeji, ni yeye mwenyewe aliyechagua."

Pengine hakuna jibu lingine ambalo lingekuwa baya kuliko hilo. Panga lilishuka. Munira aliinua mkono, likaingia juu kidogo ya kiwiko, likagonga mfupa, likanasa. Abdi akalivuta. Munira akaanguka juu ya sinia, vikopo vikapasuka chini yake na miiba ikamwingia mgongoni, asiisikie. Alimwona Abdi akiliinua panga tena, mikono miwili, machozi yakimtiririka. Hakuna mtu aliyemshika.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mashavu alitoka shimoni kwa magoti, akafika kwenye kinu, akaung'oa mchi. Mwanamke aliyetwanga maisha yake yote hahitaji kuona vizuri. Alimpiga Abdi kisogoni. Abdi akageuka nusu, kama mtu aliyeitwa, na mchi ukashuka mara ya pili, kwenye paji. Akaenda chini. Mashavu akampiga tena akiwa chini, na tena, mpaka mikono ikakataa.

Walikuwa wametafuta mauaji ndani ya vikopo, na sasa walikuwa nayo uani. Pikipiki za lambalamba ziliwaka kabla vumbi halijatulia. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, majembe mikononi. Semboja ndiye aliyewapigia polisi wa Handeni simu, akawaeleza kwamba kuna mama kaua mtu.

Mashavu alipelekwa mahabusu Korogwe. Munira alitibiwa, mkono ukapona, lakini vidole viwili havikurudi. Mtoto wa Shadya alichukuliwa na ndugu wa Abdi, na Munira akaambiwa asithubutu hata kuuliza jina lake. Mawakili wakaja, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Usiku na mchana alijilaumu kwa jambo moja tu: ule muda aliosimama kizingitini amenyamaza. Alijiambia kwamba angesema mapema, mama asingeguswa. Faraja yake ilikuwa ndogo, kwamba mwishowe alisema. Aliishikilia.

Siku waliyomruhusu kumwona mama yake alibeba wali na maharage kwenye hotipoti. Mashavu alikuwa amekonda, jicho moja limefumba moja kwa moja. Walikaa kwenye benchi, askari akiwa karibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mkono?"

"Unaendelea. Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Pale mlangoni nilinyamaza. Nilikuona unajitwisha, nikanyamaza."

Mashavu alitafuna taratibu, akameza.

"Nilikuona," alisema. "Nilikutazama muda wote, nikawa namwomba Mungu akuzidishie hicho kimya. Nilisema, alhamdulillahi, mwanangu ana akili, huyu atabaki. Wangenimaliza mimi na ingekuwa imekwisha, nisingeua mtu." Akamfuta Munira shavu kwa kiganja chenye sugu. "Nilikuwa siogopi kitu, Munira. Nilianza kuogopa ulipofungua mdomo."

Askari akasema muda umekwisha. Munira aliifunika hotipoti kwa mkono mmoja, akasimama, na hakujua tena ni lipi la kuombea msamaha.