Historia ya Marehemu Edward

Tarehe 19 Agosti 1993 alizaliwa Edward Theodory Tarmo, anasoma Severine kwenye kipaza sauti, na hapo walau amepatia, ilikuwa Alhamisi, Babati ikiwa bado chini ya Mkoa wa Arusha, na mzee Theodory anaitikia kwa kichwa kana kwamba yuko ofisini akihakiki waraka, karani hastaafu, jeneza la mwanawe liko mbele yake na bado sikio linatafuta kosa... akasoma, akaoa, anaendelea Severine, mdogo wake mzee, akajaliwa binti mmoja, Coletha... binti mwenyewe amemwegemea magotini, "Babu, maji," "Umekunywa sasa hivi, bibi," "Kiu haijaisha," na kiu hiyo inamkumbusha mzee baba yake mwenyewe, ambaye mwaka 1971 alikuwa akimaliza mtungi peke yake, wakasema amerogwa... nyuma yake Anjela, binti yake mkubwa, ananong'ona bila kunong'ona, "Huyu mtoto aje kwangu Singe, Ursula na masoda yake atammaliza kama alivyommaliza kaka," na jirani, "Chai ya nyumba ile, dada, kijiko kinasimama," na Ursula, mjane, anasikia, amejifunga khanga kichwani, hageuki... daktari kule Moshi, Februari 2023, alichora ukoo mzima kwa viduara na vijisanduku, akasema ni jeni moja tu yenye hitilafu, hujaza figo vifuko vya maji na kuleta kisukari ujanani, hushuka kutoka kwa mzazi, kila mtoto aweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu, akampima na mzee mwenyewe, ikaonekana, na Edward akacheka, "Baba, nilidhani umenirithisha mwandiko tu"... siri ikabaki kwao wawili, jeni ileile, kwa mzee imelala miaka sabini, kwa kijana imekula figo zote mbili, haki gani hiyo... mzee akisema leo, Ursula ataachiwa mwanawe, lakini ukoo wa Tarmo utavuliwa nguo mbele ya kijiji kizima cha Bonga, nani atakuja kuposa kwao tena, na Coletha atapimwa, apimwe ili iwe nini, jeni haing'olewi kama jino... akinyamaza, mtoto atapelekwa Singe, atanyimwa soda, atasifiwa kwa utii, na ataendelea kuona kiu, wala hakuna atakayejiuliza... "akaugua kisukari," anasoma Severine, "kilichotokana na ulaji usiofaa nyumbani kwake," anageuza karatasi, hata hakohoi, waombolezaji wanaguna, Coletha anamvuta koti, "Babu"... heshima gani hii inayojificha nyuma ya mgongo wa mjane, anajiuliza mzee, na anaona hofu imemtoka, si kwa tumaini, tumaini limefungiwa mle sandukuni, imemtoka tu, kama mgeni asiyeaga, na maneno yamekwisha kujipanga mdomoni... hapana, Severine, si ulaji, wala si Ursula: Edward Theodory Tarmo aliurithi ugonjwa huo kwangu mimi, baba yake, nami niliurithi kwa baba yetu, mimi na wewe.