Mwisho wa Kapteni

...na maji yasiishe, Mungu wangu, birika hili lisiishe upesi, Filda aliomba kimoyomoyo huku amechutama mbele ya mdogo wake wa kiume akimmiminia maji mikononi, polepole, uzi mwembamba tu, maana mikono yenye povu haiwezi kufungua kitabu, na kitabu kiko palepale mezani kando ya ugali wa muhogo, kimefunikwa gazeti kama walimu wote wa Arua wanavyofunika vitabu visichakae, na yeye mjinga wa kutupwa, mwalimu mzima wa darasa la sita, alikata gazeti bila kutazama, akakunja, akabandika kwa uji wa muhogo, na kesho yake ndipo alipoona ni picha gani imekaa juu ya jalada, wakubwa wa serikali wamejipanga wanapokea saluti, vifua mbele, juu ya kitabu cha mfalme anayenyang'anya watu vivuli vyao... nani atakubali kwamba ni bahati mbaya, nani katika nchi hii alishawahi kuamini bahati mbaya ya mtu... "Dada, leo unaninawisha kama mutoto mudogo," Asiku alisema na kucheka, naye akajibu haraka, haraka mno, "Nawa vizuri, vumbi ya njia iko mingi," na Asiku akausugua tena ule mche wa sabuni alioleta mwenyewe, mche mzima, pamoja na kilo mbili za sukari, na huko madukani sabuni watu wanaisikia kwa majirani tu, sasa nani ana vitu hivyo kama si mtu wa kazi ile ya magari yasiyo na namba, kazi ambayo yeye huita ofisi, niko na kazi ya ofisi Kampala, dada, na miwani yake myeusi ameiweka juu ya kitabu, juu kabisa, kama mtu aliyeweka alama kwamba atarudi hapo... picha ingekuwa afadhali, picha mtu anaweza kuilia na kuomba msamaha, lakini chini ya lile kunjo la gazeti, ukurasa wa kwanza, kuna jina kwa wino wa bluu, Andama, mwalimu mwenzake, aliyechukuliwa wiki tatu zilizopita uwanjani mbele ya wanafunzi, gari halina namba, mpira ukabaki katikati ya uwanja na hakuna mtoto aliyethubutu kuugusa, na mkewe Nora kila asubuhi anapeleka chakula kwenye geti la kambi na kila mchana anarudi nacho kimepoa... angekichoma, ndiyo, jiko lilikuwa linawaka kila siku kwa wiki tatu, na kila siku alisema kesho, akajidai kwamba anamtunzia Andama mali yake, uongo mtupu, alikitunza kwa sababu ya kapteni aliyemo humo, na aibu hiyo hajamwambia hata padri... mfalme wa kitabuni Filda alimwogopa kama kila msomaji, sawa, lakini kapteni wake, yule anayezunguka na mfuko wa ngozi kuwakata watu vivuli vyao mpaka majirani wanawasahau na mama zao wanapita bila kuwasalimu, yule, ikifika alfajiri, humlisha punda wake kwa mkono na kumwomba punda msamaha, na Filda alilia, mtu mzima, alimlilia kapteni na wala si wale waliokatwa, mpaka Andama akamtania chumba cha walimu, "Mwalimu, wewe unapenda muuaji!" naye akasema "Iko kitabu tu," wakacheka wote wawili... na mwisho wa kitabu kapteni anatoroka, anafika kwa dada yake na mfuko mtupu, dada anafungua mlango, anampa uji, analala, na ukurasa huo Filda aliusoma mara tatu kwa furaha, akasema moyoni hata mimi ningefungua... na leo amefungua, ugali umeiva, samaki wako mezani, na ile huruma anaitafuta ndani yake haioni, anachotaka ni huyu mtoto wa mama yake ale upesi aondoke, maana yule wa kitabuni hakuijua nyumba yake iko wapi, kumpenda kulikuwa rahisi... "Kitabu hii," Asiku alisema, na birika likayumba, maji yakamlowesha mkono wa shati, "mimi nilisoma kidogo, wakati wewe iko jikoni," basi ameshaliona jina, ameliona tangu saa nzima iliyopita, na alikuwa amekaa tu akimngoja... lakini Asiku hakumtazama, alitazama povu. "Ule kapteni. Mwisho, anapona?" aliuliza kwa sauti ndogo, na Filda akafumbua mdomo kusema anapona, maana ndiyo kweli, na kweli hiyo ingemfurahisha, labda wangekula kwa amani... "Andama aliniambia hapana," Asiku alisema. "Alisema watu yake wenyewe wanafunga mlango. Anakufa inje." Na Filda akakaa na birika mkononi akihesabu miezi, Krismasi ndiyo mara ya mwisho Asiku kukanyaga Arua, na Andama alikipata kitabu hiki Pasaka, walikutana wapi basi, lini, pako mahali pamoja tu ambapo wawili hao wangeweza kukutana, chumba ambacho Nora hajui hata kiko mji gani, na humo Andama aliulizwa habari za kitabu, Andama aliyeusoma ule mwisho kwa sauti chumba cha walimu, mlango ukifunguliwa, uji ukimwagwa bakulini, akamtazama aliyekuwa akimuuliza, akaubadilisha... aliogopa, Filda, aliogopa kuliko wakati wowote tangu azaliwe, lakini alijua sasa kwamba Nora apumzishe miguu yake, chakula kile hakina tena wa kukila, na alijua atajibu nini, na kwamba jibu lile halimhusu kapteni tena. "Wewe umemaliza kitabu," Asiku alisema. "Andama alisema kweli?" "Alisema kweli," Filda alijibu. "Dada yake anasikia yeye kwa mlango, na hafungui." Asiku aliiacha mikono yake mbele, miwili, myeupe kwa povu. "Mimina, dada," alisema. "Sabuni bado iko." Naye akamimina.